Usichome Karatasi za Duka la Mzee

Duka la zamani likifungwa mjini Same, vitu hugawanywa kwa utaratibu usiohitaji kikao. Mizani huchukuliwa na mpwa aliyeanza biashara, kaunta huhamia kwenye genge la jirani, shelfu hung'olewa mbao zikafanye kazi nyingine. Kinachobaki sakafuni ni makaratasi: kalenda za miaka iliyokwisha, bango la sigara lililopauka, maboksi matupu ya viberiti, vocha zilizokwanguliwa na kufungwa kwa mpira, daftari la mikopo lililoliwa pembe na mende. Hayo hufagiliwa uani na kutiwa moto. Simlaumu anayechoma, kwani karibu yote yalichapwa ili yatupwe. Ombi langu ni saa moja tu kabla ya kiberiti, na katika makala hii nitakueleza saa hiyo uitumie kutafuta nini, ukishapata utunze vipi, na matarajio gani uyaache mlangoni.

Wenzetu wa mbali walishapita njia hii kwa kitu kidogo kuliko vyote, kadi ya sigara. Katika miaka ya 1880 sigara ziliuzwa kwenye paketi za karatasi laini, zikivunjikavunjika mfukoni. Watengenezaji wakaingiza kipande cha kadi ngumu ili kuzikinga. Kadi tupu ni nafasi iliyopotea, kwa hiyo ikachapwa picha upande mmoja na tangazo upande wa pili. Kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ilitia picha za mabondia, waigizaji na wachezaji wa besiboli. Uingereza wakafuata akina Wills wa Bristol na Player wa Nottingham, kwa meli, wanajeshi, ndege, maua, bendera, wanasoka. Kadi zilikwenda kwa seti, mara nyingi 25 au 50, na paketi moja ilikuwa na kadi moja usiyojua ni ipi mpaka ufungue.

Hapo ndipo penye ujanja wote. Mtu mwenye kadi 49 hatafuti tena sigara, anatafuta kadi ya 50. Anaibadili chapa aliyoizoea, ananunua paketi ambayo kiu yake haikuihitaji, na anamwambia mwenzake kazini afanye vivyo hivyo ili wabadilishane. Watoto walisimama nje ya maduka ya tumbaku wakiwaomba wapita njia kadi zao. Ina maana tangazo lilikwisha kuingia nyumbani na kulala chini ya mto wa mtoto ambaye hajawahi kuvuta. Katika miaka ya 1930 kampuni ziliuza hata albamu za kubandikia, kwa peni moja. Mambo hayo yalikoma Uingereza mwaka 1940, vita vilipofanya karatasi kuwa adimu.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1936 shirika moja la picha za sigara la Dresden lilitoa albamu iliyoitwa Deutsche Kolonien, yaani makoloni ya Kijerumani. Makoloni yenyewe Ujerumani ilikuwa imenyang'anywa tangu Mkataba wa Versailles wa 1919, na nchi hii ilikuwa chini ya Waingereza. Mvutaji wa Dresden au Hamburg aliuziwa sigara pamoja na majuto ya ardhi aliyopoteza, Afrika Mashariki ikiwamo, ile ambayo reli yake kutoka Tanga iliingia Moshi mwaka 1911 baada ya kupita hapa Same. Ukitaka kujua kadi ya sigara iliwahi kuwa na uhusiano gani na sisi, anza hapo: tulikuwa kwenye picha muda mrefu kabla ya kufikiriwa kuwa wateja.

Sasa, watu wanaosoma habari za kadi hizo huniambia: kwa nini hatukuwa nazo huku? Tulivuta sigara. Kulikuwa na kampuni kubwa tangu zama za East African Tobacco, kisha kiwanda cha Dar es Salaam kilichoanza 1961, kikataifishwa 1975 kikiwa Kampuni ya Sigara Tanzania, na sasa kiko mikononi mwa Wajapani. Kulikuwa na Sportsman, Embassy, Sweet Menthol. Kadi ziko wapi?

Jibu liko kaunta. Mteja wa kwetu hakununua paketi. Alinunua sigara moja, akipata mgeni mbili, na kuwashia hapo hapo kwa kiberiti cha mwenye duka au kijinga kilichoning'inizwa mlangoni. Paketi ilibaki kwa muuzaji. Ungetia humo kadi ya picha, ingeishia kwenye droo ya mwenye duka, ambaye tayari anauza sigara hizo na hahitaji kushawishiwa. Kampuni zilijua hesabu hiyo. Ndiyo maana fedha ya tangazo katika nchi hizi ilimwagwa juu ya duka lenyewe: ukuta ukapakwa rangi, bango la bati likapigiliwa juu ya mlango, kalenda ikatundikwa nyuma ya muuzaji mahali ambapo macho ya anayesubiri chenji lazima yatue.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kutafuta dukani kabla ya kutafuta majumbani. Na kuna sehemu tatu ambazo karibu kila mtu huzisahau, mbili zikiwa dukani humo humo.

Ya kwanza ni msumari wa kalenda. Wenye maduka wengi hawaondoi kalenda ya mwaka jana, wanatundika mpya juu yake. Nimeona msumari mmoja Hedaru uliobeba tabaka nene kiasi cha kidole gumba, ya juu ikiwa ya kampuni ya simu, ya katikati ya duka la vipuri la Moshi, na chini kabisa picha ya mwanamke aliyeshika mche wa sabuni, rangi zake zikiwa bado mbichi kwa sababu zote zilizomfunika zilimkinga na jua. Usivute tabaka zote kwa pamoja. Toa moja moja, ukianza na iliyo juu, na uandike mfuatano wake, maana mfuatano huo ni habari.

Ya pili ni chini ya droo na juu ya shelfu, ambako makaratasi yalitandikwa kuzuia vumbi na mafuta. Ya tatu si dukani tena bali iko kwenye sanduku la shule: madaftari ya zamani. Kalenda iliyokwisha muda ndiyo iliyokuwa jalada la daftari la mwanafunzi, na upande wenye picha mara nyingi uligeuzwa ndani ili mwalimu asigombe. Fungua majalada taratibu. Humo kuna matangazo ya miaka ambayo ukutani yametoweka kabisa.

Usishangae pia ukikuta pengo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara kubwa ilipoingia mikononi mwa serikali na mikoa ikapata kampuni zake za biashara, zile tulizoziita RTC, tangazo lilipungukiwa kazi. Bidhaa ikiwa moja, na yenyewe haitoshi, nani amshawishi nani? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari na sabuni zilitafutwa kwa foleni, na mzigo ulifungwa kwa gazeti. Mabango mapya ya rangi rangi yakarudi biashara ilipofunguliwa baada ya 1986. Mkusanyaji akipata karatasi ya sabuni ya miaka hiyo ya dhiki, hata kama ni mbaya na rangi yake ni moja, aithamini kuliko bango zuri la miaka ya 1990, maana zuri lilichapwa kwa wingi na lile baya lilitumika kufungia dagaa.

Milimani hali inatofautiana na bondeni, na hata kijiji na kijiji. Suji, ambako Wasabato walianza kazi yao mwanzoni mwa karne iliyopita, si mahali pa kutafuta paketi za sigara, kwani kanisa halikuruhusu tumbaku. Usitegemee sana kopo la majani ya chai pia. Kwa baadhi ya wazee wa huko utakaribishwa mchaichai na utashukuru. Lakini nyumba hizo zilipenda kusoma na kuhifadhi magazeti na kalenda za kanisa, na ndani ya magazeti matangazo yamo. Gonja na Kisiwani, ambako biashara ya bondeni ilikutana na mazao ya mlimani, mafungu yamechanganyika zaidi. Ndani ya Hifadhi ya Mkomazi hutapata kitu, isipokuwa tembo.

Nikirudi kwenye kadi ya sigara: tulikuja kupata yetu, ila ilichelewa kwa zaidi ya miaka mia na haikuwa na tumbaku. Ni vocha ya kukwangua.

Ichunguze kwa makini kama bado unayo moja. Ni kadi ndogo inayoingia mfukoni mwa shati. Mbele ina picha na nembo, nyuma ina maelekezo, namba ya mfululizo, tarehe ya mwisho wa matumizi na ule utepe wa kijivu. Ilichapwa kwa mamilioni. Mbele yake ilibadilishwa kila msimu kwa ajili ya promosheni mpya. Tofauti na sigara, haikuweza kugawanywa: huwezi kumuuzia mteja robo ya vocha. Kwa mara ya kwanza mteja wa Same alikabidhiwa karatasi ya tangazo nzima, yake mwenyewe, mkononi. Akaikwangua kwa ukucha au kwa sarafu, akaingiza namba, akaidondosha palepale. Stendi ya Same, mahali mabasi ya Dar es Salaam na Arusha yanaposimama, ilikuwa na zulia la vocha ambalo leo halipo, kwa kuwa muda wa maongezi sasa unarushwa au unanunuliwa kwenye simu yenyewe.

Kitu kilichotapakaa chini kiasi hicho hakuna aliyekiokota kukitunza. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kitu cha wingi kugeuka adimu, na ndiyo sababu nakusihi uanze na vocha kabla hujaenda kuhangaikia bango la bati la mwaka 1950. Bango la bati kila mtu anajua ni la zamani. Vocha bado inaitwa takataka, kwa hiyo utaipata bure.

Kuzipanga si kazi ngumu kwa sababu kampuni zetu zimebadili majina mara nyingi. Vodacom ilianza hapa nchini mwaka 2000, na vocha zake za awali ni za buluu, kabla ya nyekundu kushika. Celtel ilianza 2001, ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010. Zain ilikaa kipindi kifupi, basi ukiona vocha yake usiipite. Mobitel ndiyo kongwe, jina lake likawa Buzz, kisha Tigo, na tangu 2024 ni Yas. Halotel ni mgeni wa 2015. Baada ya jina angalia thamani: za mwanzo zilikuwa za maelfu kadhaa, simu ikiwa kitu cha wenye nacho, na za jero zikaja simu iliposhuka hadi kwa mwendesha bodaboda na mama muuza ndizi. Ukiziweka kwa mpangilio huo, utaona jinsi kampuni zilivyogundua taratibu kwamba mteja mkubwa ni yule mwenye shilingi mia tano kila siku. Somo hilo wauza sigara moja moja wa hapa walilijua tangu enzi za babu zao.

Kwa karatasi nyingine zisizo na tarehe, kuna alama ambazo hazidanganyi sana. Anwani ikisema Tanganyika, kipande hicho ni cha kabla ya Oktoba 1964, au mwenye kiwanda alikuwa bado anamaliza karatasi za zamani. Kalenda ya NMB haiwezi kuwa ya kabla ya 1997, benki hiyo ilipozaliwa kwa kugawanywa kwa NBC. Muhuri wa Wilaya ya Pare ni wa kabla Mwanga na Same hazijatengana, mwishoni mwa miaka ya 1970. Namba ya simu ya mkononi inayoanza na 0744, 0741 au 0748 ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 2000, zilipobadilishwa kuwa 0754, 0713 na 0784. Ukutani mwa karakana moja ya barabarani bado nasoma 0744, na kila nikipita najua rangi ile ina umri gani.

Kalenda iliyochanika pembe yenye mwaka nayo inaweza kusemeshwa. Tazama 9 Desemba imeangukia siku gani. Ikiwa ni Jumamosi na Februari ina siku 28, inaweza kuwa ya 1961, 1967, 1978, 1989, 1995, 2006, 2017 au 2023. Sasa angalia sikukuu. Ikiwa 14 Oktoba imeandikwa kuwa siku ya Mwalimu Nyerere, basi ni ya baada ya kifo chake mwaka 1999, na kwa hiyo umebakiwa na miaka mitatu tu ya kuchagua. Tarehe ya Idi itakumalizia kazi, kwani inasogea kila mwaka.

Nije kwenye utunzaji. Hapa naona watu wenye nia njema wakiharibu zaidi kuliko mchwa.

Ondoa mpira kwanza. Joto la Same huyeyusha mpira wa kufungia ukanata kwenye karatasi ya juu na ya chini, na ukishakauka hautoki bila kung'oa picha. Pini na klipu nazo zitoe, zina kutu. Usitumie selotepu hata kama karatasi imechanika vipande viwili. Viweke viwili hivyo ndani ya bahasha moja vikae pamoja. Usipeleke stationari kutiwa laminesheni. Najua inang'aa na inapendeza, lakini karatasi ikishaingia humo haitoki, na joto lile linaua rangi za zamani. Gundi pia hapana. Jefferson Burdick, fundi wa vifaa vya umeme wa Syracuse huko Marekani ambaye alilikabidhi Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York zaidi ya kadi na karatasi 300,000 za aina hii, alikwenda makumbusho mwenyewe kuzibandika kwenye albamu mpaka afya ikamshinda mwanzoni mwa 1963. Mwige subira yake, gundi yake umwachie.

Kinachofaa ni bahasha nyeupe za kawaida, karatasi safi kati ya kipande na kipande, na sanduku la bati au kopo kubwa la biskuti lenye mfuniko unaokaza. Bahasha za kaki ziepuke kwa kukaa muda mrefu, zinaipa karatasi rangi ya kahawia. Epuka pia mifuko laini ya plastiki yenye harufu, hunata kwenye wino. Mjini adui ni vumbi, jua na joto, basi weka sanduku chumba cha ndani, mbali na dirisha na paa la bati. Ukiwa Chome, Mbaga au Mamba, adui ni ukungu. Huko sanduku lisiguse ukuta wala sakafu. Liinue juu ya matofali, na siku ya jua kali lifungue kivulini mchana kutwa karatasi zipate hewa. Jikoni penye kuni si mahali pake popote pale, hata kama mwenye nyumba anasema moshi unafukuza wadudu. Moshi unafukuza wadudu na picha pamoja.

Andika kwa penseli, na uandike kwenye bahasha, usiandike kwenye kipande chenyewe. Cha kuandika ndicho kinachotofautisha mkusanyaji na mlimbikaji. Jina la chapa halina haja, limeshachapwa. Andika duka, kijiji, jina la aliyekupa kama ameridhia, na alichosema kuhusu kitu hicho: bango lililetwa na nani, kwa gari gani, mwenye duka alilipwa au alipewa tu paketi mbili za bure. Vocha ya Zain iko sawa na vocha nyingine zote za Zain. Vocha ya Zain ambayo mama fulani wa Makanya aliikwangua ili ampigie mwanawe siku aliyofaulu darasa la saba ipo moja.

Habari hizo wanazo wazee, na wazee hawatoi kwa mtu aliyeanza kwa kuuliza bei. Salimia, kaa, kunywa unachopewa. Halafu muulize: "Babu, hii kalenda ulipewa na nani?" Usiseme unakusanya. Ukisema unakusanya, atadhani kuna soko, na kesho yake kijiji kizima kitakuwa kimeficha makopo.

Kuna kitu kimoja katika lile fungu la sakafuni ambacho kinataka adabu ya pekee, nacho ni daftari la mikopo, pamoja na paketi za sigara zilizofunguliwa na kuandikwa deni upande wa ndani. Wenye maduka wengi walifanya hivyo karatasi ilipokosekana, na kwa macho yangu hakuna kipande kizuri kuliko hicho: nje tangazo la rangi linalokuambia maisha ni mazuri, ndani kwa kalamu ya mwenye duka majina, nusu kilo ya sukari, mche wa sabuni, na alama ya mkwaju kwa waliolipa. Lakini majina yale yana watoto na wajukuu, na baadhi yao ni madiwani na wachungaji. Usipige picha ukatuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili watu wacheke. Mrudishie mwenye duka au familia yake waamue. Wakikuachia, funika majina kabla ya kumwonyesha mtu. Upareni deni la baba halisahauliki haraka, hata lililolipwa.

Kuhusu fedha nitasema machache. Kadi ya besiboli ya Honus Wagner, iliyotolewa na American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25, kwa kuwa ilisimamishwa mapema na zilizobaki hazifiki mia. Wengine husema mchezaji huyo hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya picha yake, wengine husema hakulipwa. Seti nzima ya kadi za kawaida za Uingereza za miaka ya 1930, kwa upande mwingine, mara nyingi hupatikana kwa bei ya chakula cha mchana cha hotelini. Umri hauleti bei. Kinacholeta bei ni uchache pamoja na watu wanaotaka, na kwa karatasi zetu wanaotaka bado ni wachache mno. Atakayekupigia simu akisema ana mzungu anayenunua vocha za zamani kwa mamilioni, na kwamba utangulize ada kidogo ya ukaguzi, ni ndugu wa wale waliosambaza uvumi wa zebaki nyekundu ndani ya vyerehani vya Singer. Mwaka 2009 uvumi huo uliwafanya watu wa Saudi Arabia walipe fedha nyingi kwa vyerehani vikuukuu, na zebaki haikuwamo.

Wazazi nina neno nao, kwa kuwa ukusanyaji huu huwavuta watoto haraka. Watoto wakusanye vizibo, viberiti, vocha na karatasi za pipi. Paketi na mabango ya sigara yakae kwenye sanduku la mkubwa, yasibandikwe ukutani chumbani kwao wala darasani. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, na bango la zamani lenye kijana mtanashati bado linafanya kazi iliyoajiriwa kufanya, hata kama aliyelichapa alishakufa. Mtoto akiwa mkubwa kidogo mwonyeshe bango hilo na umuulize maswali: huyu anayetabasamu anauza nini, nani anatakiwa kumwonea wivu, na kwa nini hakuna mtu anayekohoa?

Kisha uhamie kwenye ya leo. Kizibo chenye zawadi ndani, ujumbe wa simu unaosema umebakiza pointi chache uingie droo, bando linalokupa zawadi ukilinunua siku tano mfululizo: hiyo yote ni kadi ya 50. Kipimo ninachotumia nyumbani ni kuuliza kama ningenunua soda hii saa hii endapo kizibo kingekuwa kitupu. Vijana wangu wamechoshwa na swali hilo, lakini wameanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe wakidhani sisikii.

Ukishakuwa na kopo limejaa, piga picha kila kipande kwa simu, kivulini mchana, pande zote mbili, na uhifadhi nakala kwa mtu mwingine nje ya nyumba yako. Vilivyojirudia badilishana na wenzako au mpe mwalimu wa historia wa sekondari ya karibu, ambaye akipewa vocha ishirini zenye maelezo atafundisha biashara huria vizuri kuliko kwa kitabu peke yake. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, au ya Azimio la Arusha kule Arusha, usiwapelekee fungu bila maelezo wakupangie. Wapelekee orodha kwanza, uwaulize wanahitaji nini.

Msimu wa kutafuta ni Desemba. Mabasi yanajaa watu wanaorudi milimani kwa Krismasi, wajomba na mashangazi wote wako nyumbani na wana muda wa kukumbuka nani alikuwa na duka gani. Ila nenda wiki ya kwanza au ya pili. Kuanzia tarehe 20 nyumba zinapakwa chokaa, stoo zinafagiliwa, na moshi wa makaratasi unaonekana toka barabara kuu.